Shangazi, wananiita mwizi wa umeme kwa sababu ya cherehani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja huku Mbagala, nyumba ya uani. Tupo vyumba vitano, wapangaji watano, LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Baba mwenye nyumba na mkewe wanakaa nyumba ya mbele na wana LUKU yao.

Zamani tulikuwa tunachanga sawa kwa sawa. Umeme ukiisha kila mtu anatoa chake. Ikawa kelele haziishi, maana huyu ana friji, yule ana sabufa, na bibi wa chumba cha kwanza ana balbu moja na redio. Baba mwenye nyumba akaleta fundi, akatufungia mita ndogo, kila mtu ya kwake juu ya mlango. Tulifurahi sana, tukajua ugomvi umekwisha. Kumbe ndio kwanza unaanza.

Utaratibu wetu ni huu. Mimi ndiye ninayenunua umeme kwa simu kwa niaba ya wenzangu, halafu natuma tokeni kwenye grupu letu la WhatsApp. Mwisho wa mwezi tunasoma mita ndogo, baba mwenye nyumba anaandika kwenye daftari. Uniti zilizonunuliwa huwa ni nyingi kuliko zile za mita ndogo, na zile zinazozidi yeye anaziita "upotevu wa waya". Huo upotevu tunagawana sawasawa wote watano, unajumlishwa na uniti zako, ndiyo unalipa.

Mwezi uliopita nilinunua mara mbili, elfu hamsini na elfu hamsini. Mara ya kwanza zilikuja uniti 136.1, mara ya pili 140.4. Elfu hamsini ileile! Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani yangu mwenye friji akaandika kwenye grupu, "Fundi, hizo uniti nne zimeenda wapi?" Wengine wakaweka vicheko. Nimejieleza mpaka nimechoka, wanaona nimekata cha juu.

Mita ndogo zilisomeka hivi: bibi 9, kijana wa bodaboda 22, mwalimu 27, mimi 31, jirani wa friji 58. Jumla 147, wakati LUKU imekula zote 276 na nusu, maana mwisho wa mwezi salio lilikuwa karibu sawa na tulivyoanza. Kwa hiyo kila mmoja akaongezewa uniti karibu 26 za upotevu. Mimi nikalipa 20,600, bibi wa watu akalipa 12,600.

Sasa wamekaa kikao wakaamua kwamba upotevu unatokana na cherehani yangu, kwa kuwa ina mota, na mota "inavuta umeme kwa nguvu mpaka unapotea njiani". Wanataka kuanzia mwezi huu niongeze 10,000 ya mota. Baba mwenye nyumba alikuwepo, akasema wapangaji tumalizane wenyewe.

Vitu vingine vya umeme kwenye nyumba yetu ni taa tatu za nje na pampu ya kisima. Pampu ni ya baba mwenye nyumba, anajaza simtanki na watu wa mtaani wanakuja kununua maji, ndoo shilingi mia. Sisi wapangaji anatuuzia hamsini. Niliwahi kumuuliza kwa nini pampu isiwe upande wake, akasema LUKU yake ni ya uniti za bei ndogo na hataki kuivuruga. Ni kweli, mama mwenye nyumba hujisifu kwamba umeme wa elfu tisa unawatosha mwezi mzima.

Kuna fundi amenifuata pembeni, ananiambia kwa elfu thelathini anaweza kunipitishia waya wangu juu kwa juu usipite kwenye mita yoyote. Nimemwambia nitafikiria. Shangazi, nihame? Niombe LUKU yangu? Au nilipe tu hiyo elfu kumi yaishe?

Mpangaji wa chumba cha mwisho, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Usilipe hiyo elfu kumi. Na huyo fundi mpigie leo umwambie hapana. Nitakueleza sababu huko mbele.

Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja, umeniandikia namba. Ninazo barua nyingi za LUKU hapa mezani, karibu zote zinalalamika kwamba umeme "unakimbia", na hakuna hata moja inayoniambia ulianza wapi na umefika wapi. Wewe umeniletea daftari zima, na jibu lenu liko ndani ya hilohilo daftari.

Tuanze na heshima yako kwanza, maana naona ndiyo inayouma. Zile uniti nne hazikuibwa na mtu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Inakatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi. Sasa piga hesabu. Kwa mteja wa nyumbani wa kundi la kawaida uniti moja ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika shilingi 356 na senti. Elfu hamsini kamili inakupa uniti 140.4, ndiyo ile ya pili. Elfu hamsini ukitoa 1,500 inabaki 48,500, nayo inakupa uniti 136.1, ndiyo ile ya kwanza. Imekaa sawa mpaka kwenye pointi. Fungua ule ujumbe wa tokeni uusome mpaka chini, wengi wetu tukishanakili zile tarakimu ishirini tunaufunga. Makato yameandikwa mle. Piga picha ujumbe mzima uuweke kwenye grupu, na huyo jirani wa friji akuombe radhi palepale alipokuandikia.

Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Mpangaji anailipa kwa kuwa ndiye anayenunua tokeni, basi. Kwa mwaka ni 18,000, na ni haki yenu kumwomba baba mwenye nyumba aikate kwenye kodi ya vyumba. Mkigawana watano ni shilingi mia tatu kila mmoja kwa mwezi, si hela ya kutoana ngeu, lakini ndiyo iliyokufanya uitwe mwizi, kwa hiyo itajwe.

Tuje kwenye mota ya cherehani. Hoja ya wenzio nimeisoma mara mbili nikidhani sijaielewa. Cherehani yako imechomekwa kwenye soketi iliyo chumbani kwako, au siyo? Soketi hiyo inapita kwenye mita ndogo yako. Basi kila umeme uliokula mota umeshahesabiwa kwenye zile uniti 31, na umeshaulipia. Wakikutoza elfu kumi nyingine wanakutoza mara mbili kwa kitu kimoja. Tena angalia kibandiko kwenye mota yenyewe, pameandikwa wati. Mota nyingi za cherehani za nyumbani ni kati ya wati 100 na 180, na hata fundi mchapakazi hakanyagi pedali mfululizo. Unakata, unapima, unapiga pasi, unapiga soga na wateja. Tuseme mota imezunguka masaa mawili kamili kwa siku, kwa wati 180. Hiyo ni uniti kama 11 kwa mwezi. Nina wasiwasi zaidi na hiyo pasi yako kuliko mota.

Umeme "kupotea njiani" upo, sikatai. Lakini umeme unaopotea kwenye waya hauendi peponi, unageuka joto. Uniti zenu 129 na nusu zilizopotea, ukizigawanya kwa masaa 720 ya mwezi, ni sawa na wati 180 zinazowaka mchana na usiku bila kupumzika ndani ya kuta za nyumba ya vyumba vitano. Mngesikia harufu ya plastiki kuungua. Mngeshika ukuta mkakuta una homa. Waya wa nyumba ya kawaida hupoteza kidogo mno.

Basi zimekwenda wapi? Kila kitu kilichofungwa baada ya LUKU lakini kabla ya mita ndogo zenu hakina mita ya kukihesabu, kwa hiyo kinaangukia kwenye "upotevu". Umevitaja mwenyewe. Taa tatu za nje, kama ni hizi balbu za kisasa za wati kumi zinazowaka kuanzia magharibi mpaka alfajiri, ni uniti 11 kwa mwezi. Mita ndogo tano nazo zinakula kidogo za kwao, weka uniti tatu au nne. Zinabaki kama 115. Gawanya kwa siku thelathini, unapata uniti 3.8 kwa siku. Pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja inavuta karibu kilowati moja, yaani inakula uniti moja kwa kila saa inayozunguka. Kwa hiyo nakuuliza, pampu ya baba mwenye nyumba haizunguki karibu masaa manne kwa siku? Mawili asubuhi, mawili jioni, mpaka simtanki ijae?

Simjui baba mwenye nyumba wenu na sitaki kumvika joho la wizi kutoka huku niliko. Yapo mambo mafundi hufunga kwa urahisi wao, waya ulikuwa karibu na nyumba ya uani wakaunganisha hapo, na mwenyewe hakuwaza. Ila hilo jibu lake la LUKU ya bei ndogo linanizuia kumwona kuwa hajui kitu. Ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Lipo kundi la wateja wa nyumbani wanaotumia umeme mdogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Wao hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Mama anayejisifu na elfu tisa yuko humo. Ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo, 7,500 iliyobaki inampa uniti 61. Nyie watano kwenye mita moja hamuwezi kuota hiyo bei hata bila pampu, kwa sababu 147 imeshavuka 75. Sasa hamishia pampu kwake, uniti 115. Anafika 176. Za kwanza 75 atazilipa kwa bei ndogo, na kila inayozidi ni shilingi 350, ambayo pamoja na kodi na tozo ni 427. Umeme wa 7,500 unakuwa kama 52,000. Na akizoea kuvuka anatolewa kabisa kwenye kundi hilo. Hapo ndipo pampu ilipopata uhamisho wa kuja uani, mwanangu. Yeye anaokoa zaidi ya elfu arobaini, nyie mnalipa zaidi ya elfu arobaini, na maji anawauzia ndoo hamsini. Hilo la ndoo hamsini ndilo lililonifanya nisukume chai pembeni.

Aliyeumia kuliko wote si wewe, wala jirani wa friji. Ni bibi wa chumba cha kwanza. Ametumia uniti 9, ambazo kwa hesabu yenu ni shilingi 3,250 au zaidi kidogo. Amelipa 12,600. Karibu elfu tisa na mia tatu katika hizo ni za pampu na taa za nje, kwa mtu mwenye balbu moja na redio. Mtindo wa kugawana upotevu sawa kwa sawa humtafuna anayetumia kidogo. Na jirani wa friji, pamoja na mdomo wake, naye amebeba uniti 26 zisizo zake. Usimfanye adui, utamhitaji kesho kutwa.

Ila hesabu yangu ni ya mezani. Nendeni mkaijaribu kabla hamjaongea na mtu. Chagueni siku ambayo wote mpo, Jumapili asubuhi kwa mfano. Kila chumba kizime swichi yake kubwa ile iliyo karibu na mita ndogo, na taa za nje zizimwe. Someni salio kwenye LUKU, andikeni pamoja na saa. Pampu ikiwa inazunguka, ngojeni saa moja nzima, someni tena. Likishuka kwa uniti moja au karibu na hapo, hamna la kubishana. Kisha pampu nayo ikizimwa, ngojeni saa nyingine. Salio lisisogee. Likisogea wakati kila kitu kimezimwa, basi kuna jambo la pili, ama mtu amechomeka kwenye waya wenu au umeme unavuja kwenda ardhini, na huo unaovuja ndio unaomrusha mtoto aliyeshika bomba lililolowa. Hapo itisheni fundi mwenye leseni hata kabla ya kumaliza mambo ya fedha.

Na kwa kuwa haki ni ya pande zote, zipimeni pia mita ndogo zenyewe, maana mita inayosoma pungufu nayo huzaa "upotevu". Usoni mwake pana kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba, mara nyingi 1600 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1600 ni uniti moja. Chukueni jagi la umeme la mwalimu, kama lina wati 2000, lizungusheni chumba kwa chumba likiwa limejaa maji, kila kitu kingine chumbani kikiwa kimezimwa. Kwa dakika moja kitaa kinapaswa kupepesa mara hamsini na tatu hivi. Chumba ambacho kitapepesa thelathini, mita yake inadanganya. Pasi usiitumie kwa jaribio hili, inajiwasha na kujizima yenyewe. Mkimaliza, kila mtu kwa zamu yake azime kila kitu chumbani kwake, wengine wakiwa wamewasha vya kwao, atazame kitaa chake; kama chako kinaendelea kupepesa, kuna soketi ya jirani inayokula kwenye mita yako. Naomba nisiwe mchochezi, lakini nimeshaona visa vya namna hiyo, na mara nyingi ni fundi tu alichanganya waya.

Mkishapata namba, msiziweke kwenye grupu. Grupu ni mahali pa kuzalia ugomvi. Nendeni kwa baba mwenye nyumba watatu, wewe, mwalimu, na bibi. Bibi atangulie. Salimieni, kaeni, mwacheni bibi aseme kwamba ana balbu moja na analipa elfu kumi na mbili na mia sita, kisha mwalimu afungue karatasi. Wewe ongea mwisho na uongee kidogo, kwa sababu wewe ndiye unayetuhumiwa, na mtu anayetuhumiwa akiongea sana huonekana anajitetea. Kitu kama hiki kinatosha: "Baba, tumepima. Pampu inakula karibu nusu ya umeme wa uani. Tunaomba tupate namna."

Namna zipo na hazina haja ya kumdhalilisha mzee wa watu. Rahisi kuliko zote ni kuifungia pampu mita ndogo yake, kama zile alizowafungia nyie, na uniti zake azilipe yeye kila mwezi kwenye daftari lilelile. Taa za nje mgawane wote pamoja na yeye, si vibaya, zinawamulikia wote. Akiona uzito, basi akate gharama ya pampu kwenye kodi zenu za mwezi. Akisema maji nyie pia mnatumia, ana hoja, na jibu lake ni kwamba mnayanunua. Basi ama awape bure na mchangie umeme wa kuyavuta, ama awauzie na umeme awe wake. Viwili kwa pamoja hapana. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe nyuma ya mkataba wa kupanga, kitiwe sahihi. Kama hamna mkataba wa maandishi, huu ndio wakati wa kuuomba, kwa upole.

Akikataa kabisa, ngazi ya kwanza ni mjumbe wenu na ofisi ya serikali ya mtaa. Msiende TANESCO, shirika la umeme, kwa hili. Mteja wao ni yule aliyeandikishwa kwenye mita, na waya ulio baada ya LUKU ni wa mwenye nyumba; watawasikiliza vizuri na kuwarudisha nyumbani. TANESCO mtawahitaji kama LUKU yenyewe ina kasoro, na msiporidhika nao ndipo kuna EWURA na lile baraza la watumiaji, EWURA CCC.

LUKU yako mwenyewe? Inawezekana, nyumba moja kufungwa mita zaidi ya moja si ajabu, mwenye nyumba akiridhia na mfumo wa waya ukitenganishwa na fundi mwenye leseni. Maombi siku hizi yanapita NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni. Gharama ya kuunganishwa mjini, umeme wa njia moja (fezi moja), umbali usiozidi mita thelathini bila kuhitaji nguzo, ni 320,960, na fundi wa kutenganisha waya ni juu yako. Sasa tazama unachookoa. Uniti zako 31 kwa bei ya kawaida ni kama 11,000. Unalipa 20,600. Unaokoa elfu tisa na nusu kwa mwezi. Itakuchukua karibu miaka mitatu kurudisha hela uliyoigongea kwenye ukuta wa mtu mwingine, na ukihama huibebi. Ukiwekwa kwenye kundi la bei ndogo hesabu inapendeza zaidi, lakini wateja wapya wengi wa mjini wanaanzia kundi la kawaida, kwa hiyo usipige hesabu ya kuku kabla ya mayai. Mimi ningekubali tu kama baba mwenye nyumba ataandika kwamba gharama inakatwa kwenye kodi.

Na kuhama si jibu, angalau si sasa. Wateja wako wa kushona wako hapo. Nyumba utakayohamia nayo inawezekana ina pampu, au saluni, au mtu wa kuuza barafu. Siku ukihama, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, simama mbele ya LUKU uulize nini na nini vimefungwa hapa, na uliza kama mita ina deni, kwa sababu deni likiwepo linakatwa kwako.

Sasa yule wa elfu thelathini. Mtaani tunawaita vishoka. Waya unaoruka mita ni wizi wa umeme, na ukikamatwa haikatwi ya kwako peke yako, kwa sababu huna mita. Inaondolewa huduma nyumba nzima na mwenye mita anaandikiwa faini. Wale wanne wanaokuita mwizi leo bila sababu, siku hiyo watakuwa nayo. Tena waya huo hauna kinga yoyote, ukigusana na bati la paa nyumba yenu yote inakuwa na umeme. Umemwambia utafikiria. Mwambie umeshafikiria.

Mwezi huu ununuzi wa kwanza wa umeme mwachie mwalimu aununue kwa simu yake, ili waone zile uniti zikipungua mkononi mwa mtu mwingine. Wewe shona. Mkifanya jaribio la Jumapili nitumie salio la kabla na la baada, la pampu ikiwa inazunguka na la pampu ikiwa imezimwa, nitazitazama.

Shangazi